Wembe Mmoja wa Nyumbani

Mume wangu alikuwa kinyozi. Kila mteja alifunguliwa wembe mpya, na uliotumika ukatupwa kwenye kopo lenye kifuniko. Nyumbani tulikuwa na wembe mmoja tu. Ulikaa kwenye dirisha la bafu. Aliutumia yeye, na mimi niliutumia. Nani amwogope mtu wake wa ndani?

Dada yake, yaani wifi yangu, ni mtafiti wa magonjwa ya ini. Miaka ishirini na mbili amepita nyumba kwa nyumba na boksi lake la barafu, akichukua damu za watu na kuzipeleka maabara. Anatafuta kwa nini homa ya ini huwageukia wengine kuwa saratani. Sisi tulijivuna naye. Jirani akiugua, tulisema, "Kwetu ini halitusumbui. Mwenye kazi hiyo ni wetu."

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mume wangu akaanza kushiba kwa vijiko vitatu. Nikamtania, "Mimba ninayo mimi, kichefuchefu unacho wewe?" Akacheka. Akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, maana suruali zilikuwa zinampwaya.

Jumamosi moja wifi alikuja kututembelea. Alimtazama mdogo wake machoni.

"Macho yamekuwa ya njano tangu lini?"

"Vumbi la nywele hilo, dada."

"Hilo si vumbi. Vaa viatu, twende hospitali."

Kipimo cha damu kilionyesha homa ya ini aina ya B. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe mkubwa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshasambaa. Wifi aliishika ile picha akaisoma mwenyewe. Yeye hakuhitaji kuelezwa.

Tuliketi watatu kwenye benchi la korido. Wifi alilia, mtu mzima yule, mbele ya wagonjwa.

"Nimepima watu elfu nne," alisema. "Ninyi sikuwapima."

"Kwa nini, wifi?"

"Kanuni ya utafiti wetu ilisema ndugu wa watafiti wasiandikishwe. Nikaitii. Nikasahau kwamba hospitali iko wazi kwa kila mtu. Ningewaleta siku yoyote."

Mume wangu akasema polepole, "Kinyozi hajinyoi, dada. Hata mimi wateja nawapa nyembe mpya, nyumbani tuna mmoja."

Wifi akainua kichwa. "Mnauchangia?"

Nilipokubali, alifuta machozi akanipeleka chumba cha vipimo. Majibu yalikuja: mimi pia nilikuwa na virusi. Nilikata tamaa kabisa.

"Nitenge sahani yangu?" nikamuuliza.

"Hapana. Haviambukizi kwa sahani, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kukumbatiana. Vinapita kwenye damu: wembe, sindano, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Vinapita pia kwa kujamiiana. Mdogo wangu pengine alizaliwa navyo. Vinakaa kimya miaka mingi. Tukisubiri maumivu, tumechelewa."

"Na huyu wa tumboni?"

"Huyu tutamuwahi. Wewe utaandikiwa dawa, na ini lako litapimwa kila miezi sita. Yeye achanjwe siku hiyohiyo atakayozaliwa, saa ishirini na nne zisipite. Halafu amalize chanjo zote."

"Na mume wangu?"

Alinishika mkono, akanirudisha kwenye benchi alipokuwa mdogo wake.

Mume wangu alifariki wiki mbili kabla ya mtoto kuzaliwa. Wifi alisimama mlango wa wodi ya wazazi, saa mkononi, akiwasumbua wauguzi. Mtoto alichanjwa akiwa na umri wa saa tatu.

Alipotimiza mwaka, alipimwa. Wifi alileta karatasi mwenyewe.

"Hana virusi," alisema. "Na kinga anayo."

Nilifurahi, lakini aliyestahili kulisikia jibu hilo kwanza hakuwepo. Tulikaa tukalia tena.

Mimi nameza dawa yangu kila siku, na wembe wangu ni wangu peke yangu. Wifi bado anapita nyumba kwa nyumba. Lakini kabla hawajatoka ofisini, huwauliza wasaidizi wake, "Wa kwenu mmeshawapima?" Asiyewapima hupewa ruhusa ya siku moja, akawapeleke.

Kiti cha kunyolea nimekileta sebuleni. Mtoto hukishikilia anapojifunza kusimama.