Samaki wa Bwawa la Tatu

Kasian alikutwa amelala kifudifudi ndani ya bwawa la tatu, asubuhi ya Jumatano moja ya Juni 1956, wakati umande ulikuwa bado umeganda kwenye nyasi za bonde la Nyololo. Aliyemkuta ni mwenzake wa kazi, Liberatus. Alipiga yowe, watu wakakusanyika, na mchana huohuo Sajenti Asukile wa polisi akafika kwa gari kutoka Iringa, koti amelifunga mpaka shingoni. Alikuwa mtu wa Rungwe, baridi aliizoea, lakini ile ya Nyololo ilimpata.

Mabwawa yalikuwa matatu, yamechimbwa kwa mstari chini ya kilima. Mtafiti mkuu, Mwingereza mrefu aitwaye Daktari Whitcombe, alimweleza kazi yao bila kuzunguka. Kulikuwa na mpango wa kumwaga dawa ya kuua wadudu katika mito na vinamasi, kuanzia Iringa mpaka Mbeya. Kabla ya kuimwaga, wakubwa walitaka kujua itawafanya nini samaki. Bwawa la kwanza halikutiwa dawa. La pili lilitiwa kidogo, la tatu nyingi.

"Na samaki wa la tatu wakoje?" Asukile aliuliza.

"Wazima. Tangu Aprili wamekufa wachache tu. Taarifa yangu inaondoka mwisho wa mwezi huu. Mvua zikianza, dawa itamwagwa."

"Wanaoshika kazi hapa ni nani?"

"Mimi na wasaidizi wangu wawili, Kasian na Liberatus. Ghala la nyavu wana ufunguo wao wawili tu."

Liberatus alikuwa kijana nadhifu, aliyesoma sekondari. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Hii si ajali, Bwana Sajenti," alisema. "Jana jioni, jua linazama, nilimwona Edmund ndani ya bwawa la tatu. Maji yalimfika magotini, ameinama, anashindilia kitu. Nilidhani anaiba samaki. Kumbe anamzamisha mwenzangu."

"Kwa nini hukumfuata?"

"Niliogopa. Edmund ana hasira."

Kuhusu hasira hakusema uongo. Edmund alikuwa mkulima wa ng'ambo ya bonde. Bata wake walikunywa maji yaliyofurika kutoka bwawa la tatu, wakafa wote. Jumapili iliyopita, watu wakitoka kanisani, alimnyooshea Kasian kidole na kumwambia kwamba sasa zamu ni yake. Parokia nzima ilisikia. Asukile alipofika, vijana wa jumbe walikuwa wamekwisha mfunga kamba na kumketisha barazani.

"Kamwene, baba," Asukile alimwamkia.

"Kamwene."

"Ulimtisha marehemu?"

"Nilimtisha. Bata wale ndio waliokuwa wakinisomeshea watoto."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Mama watoto yuko kwao Mdabulo."

"Liberatus amekuona ndani ya bwawa la tatu, maji mpaka magotini."

Edmund alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi? Niingie kwenye maji yale? Sajenti, ng'ombe wangu nawazungusha mlimani ili wasiyakanyage!"

Lilikuwa jibu zuri, ila halikuwa na shahidi. Asukile aliagiza afunguliwe kamba lakini asiondoke barazani, akaenda kuutazama mwili.

Ulikuwa umelazwa ndani ya ghala la nyavu. Hakuna mtu aliyethubutu kuugusa zaidi ya hapo, kwa kuogopa dawa. Kasian alikuwa amevaa mabuti marefu ya mpira, suruali ameichomeka ndani. Asukile aliomba karai, akavuta buti la kushoto. Lilikuwa limejaa maji pomoni. Aliyamimina taratibu, akachuchumaa kuyaangalia.

Maji yalikuwa yakichezacheza. Wadudu wadogo wa kahawia, wenye miguu sita, walikuwa wakitambaa chini ya karai. Akavua buti la kulia. Huko nako walikuwamo, wazima.

Akamwita Daktari.

"Hawa ni wadudu gani?"

"Watoto wa kereng'ende. Wanakulia majini kabla ya kuota mabawa."

"Katika bwawa la tatu wapo?"

"Haiwezekani. Hawa ndio wa kwanza kufa dawa ikitiwa. Wako bwawa la kwanza tu, na..." Daktari akachuchumaa naye. Alilitazama karai, kisha maiti, na uso ukambadilika.

"Ndiyo," Asukile alisema. "Mabuti haya hayakujaa maji kule alikokutwa. Naomba neno hili libaki kati yetu mpaka kesho."

Jioni alikwenda kumpa pole mjane. Evarista alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, mtoto mapajani.

"Mama, samahani kwa kukuuliza wakati kama huu. Jana alipoondoka alisema anakwenda wapi?"

"Alisema anakwenda kuwavizia samaki wanaofufuka."

"Samaki wanaofufuka?"

"Nilicheka. Akaniambia, 'Usicheke, mama Rozalia. Jioni nawaona wamelala ubavu, asubuhi wanaogelea. Mtu anayewafufua nataka nimwone kwa macho yangu.'"

Asukile alitoka kule akijua kwa nini Kasian alikufa. Kilichobaki ni kuthibitisha mbele ya watu.

Asubuhi ya Alhamisi aliwakusanya wote ukingoni mwa bwawa la tatu: Daktari, Liberatus, Edmund na jumbe. Akamwomba Liberatus avute wavu. Perege wakatoka, baadhi wakirukaruka, baadhi wakipumua kwa shida.

"Bwana Daktari, samaki wa bwawa hili mnawatambuaje?"

"Kila mmoja alikatwa ncha ya mkia. Mwezi wa Aprili, kabla ya kutiwa humu."

Asukile alimshika mmoja, akamwinua. Ncha ya mkia ilikuwa imekatwa kweli, lakini pale kwenye mkato nyama ilikuwa bado nyekundu. Akamshika wa pili, na wa tatu.

"Mimi nikijikata kidole Aprili, Juni nina kovu. Samaki hawa wamekatwa juzi."

Daktari aliwachukua mmoja mmoja, akaiangalia mikia yao.

"Liberatus," Asukile alisema, "ulisema ulimwona Edmund akimzamisha Kasian hapa. Kasian hakufia hapa. Mabuti yake yalijaa maji ya bwawa la kwanza, na wadudu wa kule wazima. Ulichosema umekiona hakikutokea. Sasa niambie kilichotokea."

Liberatus aliushikilia wavu kwa muda. Kisha akauachia, samaki wakarudi majini.

"Alinikuta bwawa la kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natoa wazima niwalete huku. Akanishika shati. Tukavutana, akateleza akaingia kwenye kina. Mabuti yakajaa maji, yakamvuta chini. Akanishika mkono."

"Hukumvuta?"

"Nilianza kumvuta. Halafu nikafikiri kesho atasema nini. Nikauondoa mkono."

Jumbe aliguna. Asukile akamwacha Liberatus aendelee.

"Nikamweka kwenye toroli, nikamleta huku. Nilijua kila mtu atamfikiria Edmund."

"Yote haya kwa ajili ya samaki?"

Liberatus alimgeukia Daktari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Bwana ulikuwa ukikuta wamekufa, unanyamaza siku nzima. Mwaka mzima wa kazi, ulisema, umepotea. Nilipoweka wazima mara ya kwanza, ulinishika bega mbele ya Kasian. Ukasema utaniandikia nikasome Makerere. Ningerudi nyuma vipi?"

Asukile alimfunga pingu. Walipokuwa wakielekea garini, alimuuliza Daktari polepole:

"Wewe ni mtu wa elimu. Hukushangaa dawa ya kuua wadudu wote inawaacha samaki?"

"Hapana," Daktari alisema. "Nilifurahi."

Kabla ya saa sita Daktari alikuwa amekwisha peleka simu Dar es Salaam: taarifa haitakuja, dawa isimwagwe popote.

Asukile alipita msibani kuaga. Alimweleza Evarista kila kitu bila kupunguza, kwa kuwa asingependa akisikie kwa watu wengine. Mjane alisikiliza akimtikisa mtoto. Asukile alipofika pale pa mkono, mjane alifumba macho, akayafumbua.

"Kumbe alikuwa akiitetea mito," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alitazama nje, mlangoni, mpaka kwenye miti ya miwati.

"Sajenti, ukitoka, mwambie Edmund aje ndani. Amesimama kule na jembe tangu alipoachiwa, anaona aibu. Mwambie kaburi bado halijachimbwa."

Asukile alivaa kofia yake, akaenda kumwita.