Jeneza la Nyota ya Ruvubu

IJUMAA, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Marcel alifunga mlango kwa komeo. Akapangusa unga wa mbao juu ya meza, akachora kwa penseli ya fundi. Huku duka la michezo. Huku karakana yake ya majeneza. Katikati ua mmoja, choo kimoja, geti moja.

"Kesho Nyota wanacheza," alisema. "Mji wote uwanjani. Gaudence naye uwanjani na meza yake ya jezi. Dukani anabaki nani?"

"Mlinzi," Renatus alisema.

"Yule mzee?"

"Huyo huyo. Asubuhi huenda kunywa chai."

"Basi dukani habaki mtu."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha karakana, hapo Biharamulo mjini, wamekalia bidhaa. Marcel, fundi na mkubwa wa genge, mlokole wa Jumapili na mwizi wa siku zilizobaki. Alfonce, dereva wa pikapu, mtu asiyeuliza maswali kwa sababu majibu humchosha. Happyness, ambaye mgahawa wake ulifungwa na bwana afya, mwanamke anayeweza kulia akiombwa na kunyamaza akiombwa. Na Renatus, muuzaji wa dukani kwa Gaudence, winga wa zamani wa Nyota ya Ruvubu, ambaye goti lake la kulia lilikwisha kazi.

Mchongo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Gaudence alikuwa ameingia ubia na klabu: yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuuza jezi za Nyota mkoa mzima. Alifungua matawi Ngara, Lusahunga na Nyakanazi, akaweka vioo na taa. Kisha Nyota wakaanza kufungwa. Wamachinga wakaleta jezi feki kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani, na mashabiki wakaona bora feki kwa timu inayofungwa. Matawi yakafa moja baada ya jingine. Kilichobaki ni duka moja, mashine ya kubandika nembo, na maboksi ya nembo zenyewe, zile zinazong'aa kifuani. Jezi yenye nembo ile ni halali. Isiyo nayo ni tambara.

Ng'ambo kulikuwa na mtu anaitwa Nduwayo, mwenye ghala lililojaa matambara.

"Jumatatu klabu wanakuja kuchukua mashine yao na kuvunja mkataba," Marcel alisema. "Kwa hiyo ni kesho. Mashine ndani ya jeneza, nembo ndani ya jeneza, misumari juu. Happyness mjane. Nani atasimamisha maiti?"

Hakuna aliyecheka. Marcel alimgeukia Renatus. "Nduwayo ana daktari wa magoti Kigali. Utacheza tena."

Renatus alilitazama goti. Zamani angeruka. Siku hizi alikuwa anasikia maneno kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Nina sharti moja," alisema. "Mama yangu yuko Kasulo ya Ngara, barabarani kabisa kwenda mpakani. Tusisimame Kasulo. Asinione."

Walijua kwa nini. Mama yake, Marsiana, alishazika watoto wawili. Mmoja homa. Mwingine alichomwa moto sokoni kwa wizi wa pikipiki, na siku ile mama alisema mbele ya watu kwamba mwizi mmoja tumboni mwake anatosha. Renatus ndiye aliyebaki. Mama aliamini kwamba anauza viatu vya mpira kwa jasho lake, na imani hiyo ndiyo kitu pekee ambacho Renatus bado alikiogopea.

"Hatusimami," Marcel alisema. "Neno langu."

JUMAMOSI, SAA TATU ASUBUHI

Ufunguo uliingia bila kelele. Renatus alitangulia, Marcel na Alfonce wakafuata na jeneza. Mashine ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Waliilaza chali, wakapanga maboksi ya nembo miguuni. Ikawa inagongagonga.

"Tia nguo," Marcel alisema.

Renatus alikwenda kwenye lundo la jezi zilizokosa wateja hata kwa bei ya hasara. Akabeba kumbatio zima. Ya juu ilikuwa namba saba, imeandikwa RENATUS mgongoni. Iliwahi kuning'inia kwenye kioo cha mbele, watoto wakaja kuipiga picha. Aliiangalia. Alingoja kuona kama moyo utasema kitu. Moyo haukusema, akaisokomeza ubavuni mwa mashine.

Mlango ulilia nyuma yao. Mlinzi alikuwa amesahau kikombe chake.

"Shikamoo, mzee," Renatus alisema, mdomo ukitangulia akili.

"Marahaba, mwanangu," mzee aliitikia, kisha ndipo akaona jeneza.

Marcel alimpiga kwa mpini wa nyundo. Mara moja tu, nyuma ya sikio. Wakamfunga mikono kwa kamba za viatu vipya vya mpira, wakamlaza kwa ubavu ili asipaliwe. Alikuwa anapumua. Renatus alisogeza kile kikombe pembeni kisikanyagwe. Ndiyo huruma yote aliyoipata ndani yake, na aliona aibu kwamba ilikuwa ndogo hivyo.

Dakika chache baadaye jeneza lilitoka getini. Hakuna aliyeshangaa, maana kila siku majeneza hutoka katika geti lile. Mama muuza nyanya alifanya ishara ya msalaba.

SAA NNE NA NUSU

Kabla ya pori, lile la watekaji magari, kuna kizuizi. Magari hukusanywa pale, yakitosha, askari wenye bunduki hutangulia na msafara. Alfonce aliegesha nyuma ya basi. Happyness, khanga mbili na kitambaa cheusi kichwani, alianza kulia kwa sauti ya kupanda na kushuka. Alijua kulia kweli. Renatus alikaa nyuma kando ya jeneza, kofia mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka machoni.

Askari alisoma kibali cha mazishi. Kilikuwa kizuri. Marcel hufanya kazi na watu wa vibali.

"Poleni. Marehemu nani?"

"Sospeta," Happyness alilia. "Sospeta wangu. Wa Kasulo."

Hapo ingeishia. Lakini abiria walikuwa wameshuka kunyoosha miguu, na katikati yao alikuwepo mama mmoja mnene, rozari shingoni, kikapu mkononi. Alisikia Kasulo, akaja mbio.

"Kasulo? Mimi Generoza, wa Kasulo. Sospeta yupi? Mtoto wa nani?"

"Sospeta... wa huko ndani," Happyness alisema.

"Kanisa la kigango gani?"

Kilio kilikatika.

"Jumuiya gani, mama? Nani kapewa taarifa? Kaburi linachimbwa na nani?"

Marcel ametengeneza majeneza miaka na miaka, lakini huyauza tu, hayafuati. Alikuwa amepanga msalaba, maua, kibali, mjane na misumari. Hakupanga jumuiya. Na Mkatoliki wa Ngara asiye na jumuiya hajapata kutokea, hata akiwa mlevi. Jumuiya ndiyo inayomchimbia, ndiyo inayompikia waombolezaji, ndiyo inayomwimbia. Maiti isiyo na jumuiya ni mzigo tu.

Askari aliacha kukunja kibali. Alimtazama Happyness, akatazama misumari. Kiunoni mwa Marcel koti lilituna, pale alipofutika mguu wa kuku, bastola yake.

Renatus aliona mkono wa Marcel ukisogea. Aliona askari wawili wakizungumza kivulini, vijana wadogo. Jumuiya aliyoijua kwa moyo ilikuwa moja tu. Na katika jumuiya ile, nyumba ambayo isingekuwa na mtu wa kubisha ilikuwa moja tu, ya kwao.

"Mtakatifu Yosefu," alisema. "Mama huyu ni mgeni kwetu, hajui. Sospeta ni jina la kwao la utani. Marehemu ni Renatus. Renatus wa Marsiana."

Generoza alishika kichwa. Kikapu kikaanguka. "Wa tatu! Yesu wangu, wa tatu!"

"Ajali," Renatus aliendelea. Sauti yake ilitulia kama ya mtu anayetaja bei ya soksi. "Siku ya nne leo. Mwili haufai kufunguliwa."

Askari alivua kofia. "Piteni mbele ya msafara," alisema.

Pikapu ilipoanza kuondoka, Renatus aliangalia nyuma. Generoza alikuwa ameketi chini, katikati ya nyanya chungu zilizomwagika, simu sikioni.

PORINI

Marcel alifungua dirisha dogo la nyuma. "Umetuokoa, mshikaji."

"Amepiga simu."

"Porini hakuna mtandao."

"Amepiga kabla ya pori, Marcel."

Marcel alitazama mbele. "Tunapita tu. Nilikupa neno."

Miti ilipita. Nyani walikaa kando ya lami wakiangalia msafara. Renatus aliweka mkono juu ya kifuniko, akasikia mtetemo wa mashine ndani. Alijaribu kumfikiria mama yake akipokea ile simu. Picha ilikuja, lakini bila sauti. Goti halikumuuma hata kidogo, na hilo lilimtisha kuliko kama lingeuma.

SAA SITA MCHANA, KASULO

Barabara ilikuwa imejaa watu.

Wanawake wa jumuiya walikuwa na matawi mikononi, wanaimba. Wanaume walikuwa na majembe yenye udongo mbichi. Moto uliwaka chini ya migomba, masufuria juu. Katikati ya lami, peke yake, alisimama Marsiana. Alikuwa amevaa kandambili mbili za rangi tofauti.

"Pita," Marcel alisema.

Alfonce alipiga honi. Mama hakusogea.

"Nimesema pita!"

"Nipite wapi?" Alfonce alisema. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu wamfahamu. Akakanyaga breki.

Hawakuulizwa. Mikono ilipanda juu ya pikapu, jeneza likashuka, likaelea juu ya mabega kuelekea nyumbani. "Mzito," mzee mmoja alisema. "Alikuwa na mwili wa mchezo." Askari wa msafara nao walisimama, kofia mkononi. Katekista alikuwa tayari ameshika kitabu.

Marcel alimsogelea Renatus, akamnong'oneza sikioni kama anayempa pole.

"Usiharibu. Waache wazike. Hakuna stoo nzuri kuliko kaburi. Wiki ijayo tunachimbua. Na wewe umeshakufa, nani atakutafuta? Utafika Kigali msafi."

Ilikuwa kweli. Renatus aliipindua huku na huku, akaona haina kasoro. Polisi wangemtafuta muuzaji wa dukani, na wangeonyeshwa kaburi. Mama asingejua kamwe kwamba alizaa mwizi wa pili. Angebaki na mtoto mwema, aliyekufa kwa ajali. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya ndiyo kazi aliyoizoea.

Kaburi lilikuwa kando ya ndugu zake wawili. Wachimbaji walilisogeza kidogo upande wa migomba, wakabakiza nafasi ya mama.

Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili. Marsiana alipiga magoti, akalaza shavu juu ya mbao. Hakulia. Alipapasa misumari mmoja mmoja.

"Aliyemleta yuko wapi?" aliuliza.

Watu walimsukuma Renatus mbele. Mama hakuinua uso, aliona viatu tu.

"Ulikuwa naye?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anakula?"

"Alikula."

"Alipata mtu wa kumshika mkono? Wa kwanza nilimshika mimi. Wa pili walinizuia kwa sababu ya moto. Huyu alishikwa na nani?"

Happyness aliacha kulia, safari hii bila kuombwa na mtu. Marcel alikohoa. Katekista alisubiri.

Renatus alitafuta uongo. Ulikuwepo, tena mzuri, umekaa juu ya ulimi. Kisha kitu kilikuja kutoka mbali, kutoka kwenye goti, kikapanda, na kilikuwa maumivu. Alivua barakoa. Hakujua aseme nini, akasema lile ambalo mtoto husema anapoingia nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama aliitikia kwa mazoea, shavu bado juu ya mbao.

Kisha akainua kichwa.

Wanawake walipiga yowe, wengine wakakimbia. Katekista alidondosha kitabu. Nyuma ya nyumba pikapu ilinguruma: Alfonce alikuwa ameondoka peke yake. Marcel alichomoa mguu wa kuku, lakini alikuwa amesimama katikati ya wachimba kaburi, na jembe la kwanza lilishuka kabla hajaunyanyua. Askari walimwahi akiwa bado hai. Happyness hawakumpata. Mtu alimwona mara ya mwisho akielekea mtoni na ndoo kichwani, kama mwanamke yeyote aliyekuja kusaidia msibani.

Walifungua jeneza kwa patasi. Mama aliingiza mkono, akatoa jezi namba saba. Alisoma jina mgongoni, taratibu, herufi kwa herufi. Akatazama chuma kilichokuwa chini yake.

"Ni nini hiki?"

"Mashine ya dukani, mama. Nimeiba."

Mama aliitundika jezi begani. Alimshika uso kwa mikono miwili, akapapasa paji, pua na kidevu, kama alivyopapasa misumari. Kisha akampiga kofi. Kisha akaushika uso tena, na hapo ndipo alipolia.

Askari alitoa pingu. Marsiana alifuta macho kwa ile jezi.

"Ngoja kwanza," alimwambia.

"Mama, huyu ni mhalifu. Gari linasubiri."

"Najua. Watu wamepika. Wamechinja mbuzi wangu wa mwisho. Utamwaga?"

Askari alitazama masufuria, akatazama wenzake. Akafunga pingu mkono mmoja wa Renatus, upande wa pili akaufunga kwenye mguu wa kiti kilichokuwa kimebeba jeneza.

Mama alipakua mwenyewe. Ndizi, maharage, kipande cha nyama. Alimwekea magotini, akaketi chini mbele yake. Wanajumuiya walisimama mbali, hawajui waimbe au waondoke. Renatus alishika tonge kwa mkono ulio huru, akashindwa kulifikisha mdomoni, kwa sababu sasa alikuwa anahisi kila kitu.

"Kula, mwana wanje, mwanangu," Marsiana alisema. "Hiki kimepikwa kwa ajili yako."

Alikula.