Inchi Tatu na Nusu

Kila Jumatatu nilikuwa naamka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na wala si kwa sababu ya shule. Jumatatu ndiyo siku ambayo mtandao unaotuorodhesha waigizaji hubadilisha namba zake. Kila mwigizaji wa mji huu wa filamu ana namba, awe nyota, awe mtu aliyewahi kupita mara moja nyuma ya nyota akiwa amebeba sinia. Namba ikipungua, jina linakua. Mimi nililala na simu chini ya mto. Nikifumbua jicho la kwanza natazama namba yangu, nikifumbua la pili natazama ya Juni Kohl.

Juni na mimi tulianza pamoja darasa la uigizaji la Jumamosi kule Burbank, tukiwa na miaka minane. Tulikuwa tunagawana hata kipande cha mwisho cha pipi. Nilipofika miaka kumi na miwili bado nilimwita rafiki, lakini kusema kweli nilikuwa namchunguza kama polisi. Nilikuwa na daftari lenye safu tatu: yangu, ya Juni, na ya Delphine Ashby, msichana wa miaka kumi na sita ambaye uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kila basi lililopita mtaani kwetu Glendale. Delphine alianza kusema mbele ya kamera akiwa na miaka tisa. Juni, kumi. Mimi, kumi na nusu. Delphine alipata tamthilia yake ya kwanza akiwa na kumi na mmoja. Juni alikuwa ameshatokea katika tamthilia mbili, na mimi nilikuwa na tangazo moja la dawa ya meno, ambamo meno yangu yalionekana na uso wangu haukuonekana. Nilipiga hesabu nikajikuta nimechelewa mwaka mmoja na miezi minne. Nimechelewa kufika wapi, hilo sikujiuliza.

Roho yangu haikutulia hata kidogo. Darasani mwalimu akieleza desimali, mkono wangu uko mfukoni unapapasa simu. Mezani Bibi akinisemesha, naitikia ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Bibi alimwambia Mama kwamba mtoto huyu anakaa kama aliyekalia miiba. Mama alicheka tu, maana alikuwa amechoka. Kutwa anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na jioni ananiendesha kwenye usaili wa uigizaji huku na huku.

Halafu nikaanza kurefuka.

Kwa watoto wengine kurefuka ni habari njema. Kwetu sisi ilikuwa balaa. Watu wa kazi hii wanajua kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili anayeonekana wa miaka tisa ni lulu. Ana akili ya kushika maneno, na sheria inamruhusu kukaa kazini muda mrefu kuliko mtoto mdogo wa kweli. Ndiyo maana kimo huandikwa kwenye karatasi zetu za kuombea kazi, palepale chini ya jina. Karatasi yangu ilisema Talin Berberian, futi nne na inchi nane. Ilikuwa kweli kiangazi kilichopita. Kufika Januari suruali zangu zilikuwa zimepanda juu ya vifundo vya miguu, na mimi karatasi sikuigusa.

Nilifanya na mambo mengine ya kijinga. Niliacha maziwa na mtindi, nikamdanganya Bibi kwamba tumbo linanisumbua. Nililala nimejikunja. Nilitembea nimeinama mpaka mgongo ukawa unaniuma nikiwa darasani, na mwalimu wa michezo akaniuliza kama nimeanguka. Nilimjibu kwamba begi ni zito.

Mwezi Februari wakala wetu, anayenitafutia kazi, alipiga simu. Kulikuwa na tamthilia mpya ya Delphine Ashby, na walikuwa wanatafuta mtoto wa kuigiza mdogo wake wa miaka tisa. Asizidi futi nne na inchi tisa, kwa sababu Delphine angembeba mgongoni na kushuka naye ngazi. Nilijirekodi nyumbani nikiwa nimeketi sakafuni, na simu nikaiweka juu ya kabati ili nionekane mdogo. Baada ya wiki waliniita nisome na Delphine mwenyewe, kila mtu kwenye kioo cha simu yake, na hapo tena nilikaa. Siku iliyofuata wakala akasema wamenishikilia. Kushikiliwa maana yake hawajakuchukua na hawajakuacha; ukae tu ukingoja. Walikuwa wamewashikilia watoto wawili, na wa pili nilimjua jioni ileile, maana Juni alinipigia mwenyewe.

Aliniambia moyo wake unaenda mbio na kwamba ni afadhali tungoje pamoja, liwalo na liwe. Kisha akaniuliza kama na mimi wameniuliza kimo.

"Ndiyo," nikasema. "Nne na nane."

Jumamosi tu tulikuwa tumesimama pamoja darasani, na bega langu lilikuwa karibu na sikio lake. "Haya," Juni akasema, na hakuuliza tena.

Siku tano nilikuwa siwezi kukaa kitini. Siku ya sita nafasi ikawa yangu. Mama alilia, Bibi akamwita jirani, na mimi nikakimbilia daftari langu kujaza safu ya kwanza. Ikaja fomu ya vipimo kutoka kwa fundi wa mavazi: kifua, kiuno, mkono, mguu, kimo. Mzazi ampime mtoto, kisha atie sahihi. Nilimwambia Mama asijisumbue, vipimo vyote ninavyo. Nikaandika vya kiangazi kilichopita. Mama alitia sahihi huku amesimama jikoni, funguo za gari mkononi.

Wiki mbili baadaye mimi na Mama tulikwenda kujaribu nguo. Chumba cha mavazi kilijaa cherehani na vitambaa, na fundi alikuwa Bi Rosalba, mama mfupi mwenye tepu shingoni na pini begani. Niliingia nimevaa sketi ndefu, magoti nimeyakunja ndani yake, natembea kama bata.

"Magoti yana nini?" akauliza.

"Hayana kitu."

"Basi yanyooshe, mwanangu, nikuone."

Sikuwa na la kufanya. Nilinyooka, na Bi Rosalba akainua kichwa kunitazama kule alikokuwa anatarajia hewa tupu. Alinivisha gauni. Lilikuwa la bluu, zuri ajabu, lenye vifungo vidogo vya kitambaa, na mikono yake ilikomea katikati ya mkono wangu. Pindo lilikuwa juu ya magoti. Mgongoni halikufunga. Pembeni yalining'inia mengine matatu ya namna hiyohiyo: moja limepakwa tope, moja limechanwa kwa ustadi, na moja la mwanamke mdogo wa mwili waliyemwajiri aanguke kwa niaba yangu. Yote manne yalishonwa kwa vipimo nilivyoandika. Hata huyo mwanamke alitafutwa kwa vipimo hivyo.

Bi Rosalba alimwita Bwana Thorne, msimamizi wa watoto waigizaji, akaja na fomu mkononi. Alilitazama gauni, akaitazama fomu, akamtazama Mama. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Bi Berberian," akasema, "hii ni sahihi yako?"

Mama aliichukua karatasi. Niliona macho yake yakisoma mstari baada ya mstari, na niliona yalipofika kwenye kimo. Kisha alinitazama. Alikuwa ameshaelewa yote, na mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Ndiyo, ni yangu," akasema. "Nilikosea kupima."

Bwana Thorne alisema kwa upole, lakini kila neno lilichoma. Alisema wazazi wanaofanya hivyo hawaitwi tena, wala watoto wao, na kwamba itambidi amweleze wakala wetu. Mama alitikisa kichwa kukubali. Nitasema ukweli wangu: kwa muda kama wa pumzi mbili hivi niliona nafuu. Nilifikiri, kumbe naweza kupona. Kisha nikaiona shingo ya Mama imekuwa nyekundu, na mkono wake umeshika mkoba kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na mama yangu hajawahi kumdanganya mtu hata bei ya nyanya.

"Mama hakukosea," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Hakunipima. Nilijaza mimi. Nilijua ni uongo."

Cherehani ya pembeni ikasimama. Bwana Thorne aliniuliza kama nimeambiwa na mtu niseme hivyo. Nikamwambia hapana, tena nikamweleza habari ya simu juu ya kabati. Alishusha pumzi. Alisema anashukuru kwamba nimesema, na kwamba hatamlaumu Mama kwa wakala. Lakini Delphine hawezi kushuka ngazi na mtoto wa kimo changu mgongoni, na nafasi ile haiwezi kuwa yangu. Alitoka nje kupiga simu. Nilijua anampigia nani.

Nililia nikiwa ndani ya gauni lisilofunga. Bi Rosalba aliniacha nilie, akaanza kunifungua vifungo vichache vilivyofungika, kimoja kimoja, kisha akaniuliza kilichonituma. Nikamweleza yote: namba za Jumatatu, daftari, Juni, Delphine, mwaka mmoja na miezi minne, maziwa, mgongo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi, anasikia kwa mara ya kwanza.

Bi Rosalba alivuta droo ndefu iliyojaa kadi. Alisema amepima watoto wa mji huu miaka ishirini na sita, wakiwemo wanaobandikwa kwenye mabasi.

"Sikumbuki hata mmoja aliyeingia humu na kimo kilekile kilichoandikwa kwenye karatasi yake," akasema. "Huyu kapunguzwa na mama yake, yule kaongezwa na wakala. Umri hivyohivyo. Wewe mwaka mzima ulikuwa unashindana na makaratasi, na makaratasi hayachoki. Aliyechoka ni nani?"

"Mimi."

"Haya. Sasa nisikilize, maana sitasema mara mbili. Kazi yenu ni kujifanya watu wengine mbele ya kamera, na ni kazi nzuri. Lakini ukija kujifanya na huku kwa fundi wako, na nyumbani kwa mama yako, na kwa rafiki yako, utapumzikia wapi? Mwili unakua kwa saa yake. Mwenzako naye ana saa yake. Kunywa maziwa, lala umenyooka, na useme kimo chako. Kazi itakayokuja ikukute ulivyo. Isipokuja, angalau mgongo utakuwa mzima."

Akanisimamisha ukutani bila viatu. Nilizoea kujibonyeza chini, akanigonga kidevu kwa kidole mpaka nikanyooka. Futi nne, inchi kumi na moja na nusu. Akaandika kwenye kadi mpya jina langu, tarehe na kipimo, akamwonyesha Mama. Mama aliisoma yote, polepole, kisha akatia sahihi.

Ndani ya gari Mama hakuwasha injini. Alisema amekasirika, tena sana, na kwamba kwa mwezi mzima hakuna usaili na simu italala kwake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Na mimi nilitia sahihi kitu ambacho sikukisoma, Talin jan, mpenzi wangu. Hilo ni kosa langu la kweli, si la kukufichia wewe. Tusirudie, mimi na wewe."

Nilimwomba simu kabla hajaichukua, nipige mara moja tu. Alinipa dakika mbili. Juni aliitika kwa kelele, nyuma yake nyumba nzima inashangilia. Walikuwa wamempigia dakika hiyohiyo. Mara akakumbuka anaongea na nani, akashusha sauti. Alisema hawakumweleza sababu, wamesema tu nafasi imerudi. Akaniuliza kama naumwa, au nimegombana na mtu, au imekuwaje.

Nilikuwa na uongo mwingi tayari mdomoni. Ningeweza kusema ratiba ya shule. Ningeweza kusema Mama amekataa. Nilikaa wima kwenye kiti, kichwa kikafika mahali pa kuegemea ambapo hakikuwahi kufika.

"Mimi ni mrefu, Juni," nikasema.