Wimbo Uliokatwa Mwisho

Mtoto wa kike akiitwa huitika "abee". Sofia, mwenye miaka sita, alilijua hilo tangu aanze kusema. Ndiyo maana mama yake, Samia, alisimama na ufagio mkononi asubuhi ile alipomsikia bintiye, aliyekuwa akinywa uji peke yake barazani, akiitika:

"Naam."

"Nani kakuita?"

"Bibi."

Bibi Sofia, bibi yake Samia, ambaye mtoto alirithi jina lake, alikuwa na siku kumi kaburini kule Chinongwe.

Samia ana duka la steshenari karibu na soko la Nachingwea. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na kila Jumapili alikuwa akifunga duka na kwenda vijiji vya Ruangwa kurekodi nyimbo za wazee kabla hawajaondoka nazo. Alizipandisha kwenye ukurasa wake mtandaoni, watu wakamsifu, na sifa hazimchukizi mtu. Bibi yake alikuwa mganga wa ngoma za majini, wa mwisho aliyebaki. Alimwimbia mjukuu wake wimbo mzima mbele ya simu: kwanza sehemu ya kumwita jini, ambamo mwimbaji hujitaja jina, kisha sehemu ya kumuaga.

"Usivitenganishe," bibi alimwambia. "Hivi vinakwenda pamoja."

"Ndiyo, bibi."

Lakini kule kuaga kulikuwa dakika kumi na moja za sauti ya chini isiyomchangamsha mtu, na bando lilikuwa dogo, na simu imejaa. Samia akakata. Alipandisha dakika tatu za kuita, akafuta zilizobaki. Wiki haikuisha, bibi akafariki.

Siku ile mtoto aliitika mara tisa. Jioni Samia alipofungua ukurasa, akaona video imetazamwa mara tisa tangu asubuhi. Akajicheka. Kesho yake akakaa na simu goti moja, mtoto goti la pili, akitaka kujithibitishia upuuzi wake. Namba ikapanda. "Naam," mtoto akaitika. Ikapanda tena. "Naam." Sauti ilikuwa nzito kuliko jana, na kwenye nywele zake palitoka harufu ya ubani na udongo mbichi.

Akaifuta video palepale. Alidhani yameisha. Kumbe ilikuwa imeshaingia kwenye magrupu ya Ruangwa nzima, na DJ mmoja wa mjini ameshautia wimbo biti, na madereva wa bodaboda wanaupiga kwenye spika zao. Akaandika kwenye kila grupu: futeni, nawaomba, mwanangu anakufa. Wakamjibu kwa emoji za kucheka. Wale ambao hawakuwahi kuusikia wakaenda kuutafuta.

Siku ya nne mtoto hali wala halali, kwa sababu kila akifumba macho kuna mtu mahali fulani, Ruangwa au Mbagala au wapi, anabonyeza ule wimbo, naye anainuka na kuitika, na akiitika ubani unajaa chumba mchana kweupe, na godoro kando yake linabonyea kama mtu mzima amekaa, na kila wimbo unapopigwa linabonyea zaidi, mpaka Samia aliyekuwa ameshika mkono wa mwanawe akahisi kabisa kwamba ule mkono mwingine nao umeshikwa.

Akambeba hadi Mbwemkuru, kwa Mzee Masoudi, aliyempigia bibi ngoma miaka yote. Mzee alinusa hewa kabla hajapokea salamu.

"Mlaze hapo. Usinitajie jina lake."

"Niimbie wa kumuaga, babu," Samia alinong'ona. "Nakuomba."

"Mimi mpiga ngoma tu. Kuaga aliimba mwenyewe, chinichini, sisi hatusikii. Wewe ndiye ulikuwa nao."

"Niliufuta."

Mzee hakumgombeza. Samia alitamani angemgombeza.

"Jini ameitwa na Sofia, anamtafuta Sofia," akasema Masoudi, sauti ikishuka. "Mkubwa hayupo, kamkuta mdogo. Tumpe mtoto jina lingine, kama wanavyopewa wakitoka unyagoni."

"Halafu ataondoka?"

"Nani amuondoe? Ataitwa, atakuja. Jina lazima liwe na mtu. Tukiliacha wazi, atamrudia huyuhuyu."

"Nipe mimi."

"Huo wimbo watu wataacha kuupiga lini, mjukuu wangu? Unajua?"

"Nipe mimi, babu." Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Nipe haraka, kabla hajaitika tena."

Mzee akawapaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Akampa mtoto jina la Hajra. Kisha akamgeukia mama, akamwita Sofia mara tatu, na mara ya tatu Samia alihisi mkono wake wa kushoto, uliokuwa mtupu, umeshikwa.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani Nachingwea, Hajra alikunywa vikombe viwili vya uji, akaomba cha tatu. Samia akammiminia huku machozi ya furaha yakimtoka. Barabarani ikapita bodaboda, spika wazi, biti ikidunda, na juu yake sauti ya bibi. Samia akamkazia macho mwanawe. Mtoto hakuinua hata kichwa. Aliendelea kulamba kijiko.

"Naam," ikaitika sauti nzito.

Hajra akageuka kumtazama.

"Mama," akauliza, "nani kakuita?"