Daraja Jeusi la Meza ya Tatu

Saa mbili kasoro dakika ishirini, asubuhi ya onyesho, Mama Saa alishika pindo la shuka lililofunika meza ya tatu, akalivuta, akaduwaa. Mlima wa kushoto ulikuwapo, na wa kulia pia. Reli ilifika ukingoni ikakatika. Daraja la matofali meusi ya kuchezea, lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, halikuwapo.

"Jamani, daraja liko wapi?"

Na milango ilikuwa ifunguliwe saa nne, watu waingie na watoto wao kutazama treni ndogo za klabu zikizunguka meza sita.

Meneja wa ukumbi alikuja mbio, na bwana yule alikuwa mwepesi wa kuhukumu, mzito wa kusikiliza. Alimwita mlinzi mbele ya watu wote.

"Ufunguo unao wewe peke yako. Saa nne ikifika daraja halijaonekana, vua sare, nenda nyumbani, polisi watakufuata huko huko."

Mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, alijitetea. "Bosi, mimi vitu vya kuchezea nivipeleke wapi?"

Mama Saa alipandwa na hasira. Kazi yake ni kutengeneza saa, miaka thelathini sasa, na hajawahi kuitupa saa ya mtu kabla ya kuifungua.

"Meneja, umempa mpaka saa nne. Basi muda huo ni wangu. Usimguse."

Akaenda na mlinzi hadi mlangoni, akafungua daftari la wanaoingia na kutoka. Mwalimu mstaafu aliingia saa kumi na mbili na dakika kumi, akatoka saa moja kasoro dakika kumi. Fundi umeme, mwanachama wa klabu, aliingia saa moja kasoro dakika tano. Muuguzi, naye wa klabu, saa moja na dakika kumi. Kisha Mama Saa mwenyewe, na Mwalimu akirudi.

"Taa je?"

"Niliwasha zote saa kumi na mbili, Mama. Kulikuwa kweupe kama mchana."

"Kuna aliyetoka na mzigo?"

"Aliyetoka ni Mwalimu tu, mikono mitupu, akaenda kunywa chai akarudi. Naapa, Mama."

"Usiape. Kama hakuna mzigo uliotoka, daraja limo humu humu."

Mwalimu alikuwa ameketi pembeni, kofia mapajani. Ndiye mwenyekiti, ndiye aliyelijenga daraja, na kwa miaka kumi na minane ndiye aliyeendesha treni kila onyesho. Mama Saa aliposogea, mzee aliinua uso.

"Muuguzi?"

"Ni mimi, Mama Saa. Pole, Mwalimu. Asubuhi ulikuja kufanya nini?"

"Kupangusa vumbi. Nilipotoka daraja langu lilikuwa zima. Zima kabisa."

"Si mmesikia?" Meneja alidakia, akimtolea mlinzi macho. Mwalimu akainamia kofia yake.

Fundi umeme alikuwa amegombana na Mwalimu juzi tu, akidai daraja limeinuka mno. Alipoulizwa alikuja juu.

"Nilikuwa chini ya meza naunga nyaya. Nimeona mashuka tu, basi! Halafu ningelibomoa mimi, lingesikika mpaka barabarani. Sina subira hiyo."

"Hilo nalikubali," alisema Mama Saa. "Haya, toeni maboksi yote yaliyo chini ya meza."

Walitoa moja baada ya jingine. Chini ya meza ya muuguzi, ndani ya boksi la miti ya plastiki, waliikuta mifuko mitatu iliyofungwa vizuri: ya vipande vyekundu vya taa, vya kijivu vya nguzo, na mkubwa wa vipande vyeusi. Daraja zima, limerudi kuwa matofali.

Mama Saa alivaa lenzi yake ya kazini, akageuza kipande kimoja kimoja. Hakuna mkwaruzo. Mtu wa nje angelivunja kwa pupa. Huyu alilifungua kwa mpangilio, juu kwenda chini. Halafu akapanga. Hapo Mama Saa alitamani kucheka, maana huo ni ugonjwa wa klabu yao: hakuna mwanachama anayeweza kuacha vipande vimerundikana, hata nyumba ikiungua. Wapo wanaopanga kwa umbo na wapo wanaopanga kwa rangi, na kila mkutano hutaniana mpaka wakanuniana. Fundi umeme ni wa umbo. Muuguzi ni wa rangi.

Macho yote yakamgeukia muuguzi. Mwezi uliopita aliomba nafasi ile ya meza ya tatu aweke hospitali yake, wakamnyima kwa kura.

"Nimetoka zamu sijalala, halafu mniite mwizi?" Alinyakua mfuko mkubwa, akaufungua. "Tena mwizi mwenyewe hajui kazi! Tazameni. Vyeusi, halafu humu humu buluu! Mimi nichanganye hivi? Mimi ninayetenganisha vidonge usiku kucha?"

Mama Saa alimwaga mfuko kwenye sinia. Kweli. Kati ya vyeusi mlikuwa na vipande zaidi ya arobaini vya buluu iliyokolea.

"Daraja lilikuwa na buluu?"

"Wapi!" alisema muuguzi. "Mwalimu alitangaza mwenyewe: jeusi tupu, kama chuma."

"Fundi, angalia meza zote. Kuna iliyopungukiwa buluu?"

Fundi umeme alizunguka, akarudi. "Hakuna. Zote nzima."

Mama Saa alichukua kipande cha buluu, akakigeuza mkononi. Basi buluu ilitoka darajani. Aliyejenga aliitia akidhani ni nyeusi, na aliyebomoa aliifungia pamoja na nyeusi, taa zote zikiwaka. Watu wawili wasingepotea namna moja. Moyo ulimuuma, kwa sababu Mama Saa alimpenda mtu huyo. Lakini mlinzi alikuwa pale ukutani, ameshaanza kufungua vifungo vya sare.

Saa nne kasorobo alibeba sinia mpaka kwa Mwalimu.

"Mwalimu, nichagulie kumi, vyeusi vitupu."

"Mambo gani haya ya kitoto?"

"Kumi tu."

Mzee alikisogeza kila kipande karibu na pua, akapanga kumi. Vinne vilikuwa buluu. Ukumbi ukanyamaza, na kwa ukimya ule akajua.

"Mjukuu wangu alilipiga picha jana," alisema taratibu. "Akaniambia, Babu, mbona daraja lina madoadoa? Mimi niliyejisifu kwa kila mtu! Nikakaa nalo, nikatafuta hayo madoadoa, sikuliona hata moja. Ningerekebisha nini? Na mkijua macho yameniishia, nani atanipa treni niziendeshe? Nikaona heri liibwe. Boksi nililolishika chini ya meza kwa kupapasa tu, sikujua ni la nani."

"Hilo la macho tungelibeba pamoja," alisema Mama Saa, na sauti yake haikulainika. "Lakini ulisema uliliacha zima. Hukuwaza nani atabebeshwa?"

"Niliwaza. Nilimsikia akiulizwa. Nikaogopa."

Meneja alikohoa, akamwambia mlinzi afunge vifungo vyake, eti yameisha.

"Hayajaisha," alisema mlinzi. Alikuwa akilia waziwazi, bila kujificha. "Nimeshampigia mama watoto. Nimemwambia kazi imekwenda, mumeo ameitwa mwizi. Yuko nyumbani na watoto, hajui aanzie wapi." Akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akamnyooshea Mwalimu. "Mwambie wewe. Kwa mdomo wako."

Mwalimu aliisikia simu ikiita, akapapasa hewani mpaka mkono wake ukaipata. Nje foleni ilikuwa ndefu na watoto wanapiga kelele. Meneja alitaka kwenda kufungua. Mama Saa akamzuia kwa mkono kifuani.

"Haloo, mama," alisema Mwalimu. "Hunijui. Mimi ndiye niliyelibomoa daraja. Mumeo hakuchukua kitu."