Mistari Minne Iliyokatwa

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu siku hiyo, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kwanza. Fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa anagombania vijiti vyake vya kuchomelea pale alipokanyagwa mguu.

"Samahani, kaka," alisema mwanamke wa gauni la njano na kilemba cha bluu. "Nilidhani gunia la saruji."

"Mguu wangu ni gunia?"

"Mbona haukulalamika?"

Cheche akacheka mpaka akasahau zamu yake. Mwanamke yule alikuwa mwalimu wa ushairi kwenye ukumbi wa sanaa, lile ghala la zamani nyuma ya gereji, na alikuja kutafuta nondo za kukazia jukwaa. Cheche akamwambia aache, atakuja kulikaza mwenyewe. Alilikaza asubuhi moja, akakaa kusikiliza watu wanavyosoma, na tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Tusidanganyane: shule aliiacha darasa la tano, na hakufuata ushairi. Lakini maneno nayo yakamnasa.

Pale ukumbini walikuwa na desturi yao. Kabla hujasoma mbele za watu, unampa shairi aliyekaa kushoto kwako, naye anakata kwa kalamu nyekundu kila mstari usiofaa kusomwa. Hakuna kubishana, hakuna kuulizana.

Cheche akafanya hila akae kulia kwa Mwalimu. Alikuwa ameandika mistari kumi na sita. Kumi na miwili ya chuma, minne ya mwanamke wa kilemba cha bluu. Karatasi ikarudi, ile minne imekatwa yote.

"Amenikataa," alimwambia dada yake nyumbani.

"Kakwambia hivyo?"

"Kalamu imesema."

"Basi kaolewe na kalamu!"

Hakwenda tena. Jumamosi mbili zikapita, simu ya Mwalimu inaita, anaiangalia tu kama nyoka. Jumamosi ya tatu, siku ya kusoma hadharani, akaipokea kwa hasira.

"Cheche, umekufa?"

"Niko kazini."

"Saa kumi watu watajaa hapa. Wewe ni wa tatu."

"Nisome nini? Si ulikata."

Mwalimu akapumua kwa nguvu. "Kumbe ndiyo hiyo! Wewe mwanamume, ile minne ilikuwa yangu. Unataka kuwapa watu mia mbili kitu changu kwenye kipaza sauti?"

"Mbona hukusema?"

"Desturi haisemi. Nilingoja uniambie pembeni, sikioni. Ukanikimbia!"

Cheche alizima mashine akatoka mbio na ovaroli lake lenye matundu ya moto, mafuta mpaka kwenye nyusi. Aliingia jina lake likiitwa. Akapanda jukwaani bila karatasi.

"Chuma hakiinami kwa maneno matupu," alianza, sauti ikikwaruza. "Kinainama kwa moto, na kwa mtu asiyechoka."

Mistari kumi na miwili akaitoa yote, hakukwama hata neno. Alipomaliza, watu walisimama na viti vyao vikaanguka. Mafundi wa gereji ya jirani, waliokuja kumcheka, ndio waliopiga miluzi zaidi.

Akashuka moja kwa moja mpaka aliposimama Mwalimu kando ya pazia, akainama sikioni. Alichosema hakuna mwingine aliyekisikia. Mwalimu alifumba macho.

"Rudia."

Akarudia. Kisha akaongeza, "Nataka kukuoa, mpenzi. Jumapili ijayo nije kwenu na dada yangu?"

"Jumapili ni mbali. Mama yangu yule pale, mstari wa pili, mwenye mtandio mweupe. Nenda."

"Sasa hivi? Na mafuta haya?"

"Nenda, Cheche!"

Akaenda, makofi bado yanapigwa.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtazama kuanzia nyusi mpaka viatu. Akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa wiki mbili. Kaa tuzungumze."