Maji ya Kijani Kwenye Rejeta

Kila alfajiri, kabla majogoo wa jirani hawajamaliza kuwika, Bochaberi alikuwa ameshainua boneti ya pikapu ya mama yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake pale nyumbani kwao, pembezoni mwa mji wa Migori. Wadogo zake walifagia uwanja na kuwafungulia kuku. Yeye alipima oili, akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akachungulia, na maji yakipungua akaongeza kulanti, yale maji ya kijani ya kupoza injini, kutoka kwenye jerikeni iliyokaa stoo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo usiojua kunyamaza. Mtu akimwambia kwamba magari ni mambo ya wavulana, humuuliza ni nani aliyesema hivyo, aletwe aseme tena.

Ukaidi huo hakuuokota njiani. Mama yake, Kezia, alikuwa mjane, na pikapu hiyo ya dizeli aliinunua kwa akiba ya chama cha akina mama, ikiwa tayari imepita kwenye mikono ya mwenye gari wa kwanza. Kila Jumatatu na Alhamisi aliiendesha mwenyewe hadi Homa Bay, akapakia magunia ya omena, dagaa wa ziwani, na kuyaleta sokoni Migori. Jumamosi haikuwashwa, maana walikuwa Waadventista na Sabato ni Sabato. Shemeji yake Arasa, mdogo wa marehemu mumewe, alitangaza tangu siku ya kwanza kwamba mwanamke na injini hawatapatana. Kezia alimjibu kwamba injini haijui ni mkono wa nani uliogeuza ufunguo.

Kezia alikuwa na sheria moja kuhusu gari lake: rejeta isionje maji ya kisima cha mtaani. Maji yale yalikuwa na chumvi kiasi kwamba sufuria zao zilishika ukoko mweupe, na kisu kikilala ndani ya karai, asubuhi kimeota kutu. Kwa hiyo alinunua kulanti, akaiweka stoo, na akaonya kwamba hataki kuona jerikeni ile ikichezewa.

Basi sikia alichofanya binti yetu. Siku moja mwezi wa Januari, mama yake akiwa Homa Bay, wenzake walikuja kucheza kandanda uwanjani. Walipata jiwe la kuwa mlingoti mmoja wa goli, wakakosa la pili. Bochaberi akaenda stoo akaleta jerikeni ya kulanti. Bao lilikuwa zuri, hilo hatuwezi kumnyima, ila mpira uliipiga jerikeni ikaanguka, na kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Walipoiinua, kulanti yote ilikuwa imekwisha kunywewa na vumbi.

Hakuogopa kuchapwa. Aliogopa kunyang'anywa kazi yake ya boneti, na zaidi ya yote aliogopa Baba Mdogo Arasa asije akapata la kusema. Wiki nzima angesikia kwamba hawa wanawake walionywa. Potelea mbali, akasema moyoni. Aliijaza jerikeni maji ya kisima, akaenda dukani akanunua pakiti nne za unga wa juisi ya kijani, akazimimina humo na kutikisa. Rangi ilikuwa ileile. Wiki iliyofuata Kezia aliisafisha rejeta, akaijaza upya kutoka kwenye jerikeni hiyohiyo, akimshukuru Mungu kwamba ana binti mwenye kutunza vitu.

Miezi ilikwenda. Kila asubuhi Bochaberi alifungua kifuniko, na kila mwezi yale maji yalizidi kugeuka rangi. Kufikia Machi yalikuwa kama chai ya rangi. Kufikia Juni yalikuwa mekundu kama udongo wa barabarani. Aliyaona, akaongeza mengine ya kijani juu yake, akafunga boneti. Alijiambia kwamba gari linakwenda, kwa hiyo hakuna neno.

Likizo ya Agosti ilipofika, mama yake alimchukua wakaenda pamoja Homa Bay. Wakati wa kurudi, gari limebeba magunia hadi juu, walipita Rodi Kopany na mshale wa joto ukaanza kupanda. Kezia alipunguza mwendo, lakini mshale haukushuka. Mara mvuke ukafuka mbele ya kioo, injini ikakohoa na kuzima. Ilibidi magunia yahamishiwe kwenye lori la mfanyabiashara mwingine, na pikapu ikakokotwa kwa kamba hadi Homa Bay, kwenye gereji ya Fundi Onyango.

Onyango alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua rejeta akaikuta kavu. Akapitisha kidole mdomoni mwa rejeta, kikatoka na kutu. Aliuliza gari hili limekuwa likinywa nini, na Kezia akamwapia kwamba tangu alinunue halijapewa kitu ila kulanti, na binti yake ni shahidi. Wote wawili walimgeukia Bochaberi. Bochaberi akatikisa kichwa kukubali, macho makavu.

Fundi akatia maji mapya, akawasha injini. Maji yalipungua tena, lakini chini ya gari hapakuonekana hata tone. Akaizima na kutoa hukumu kulingana na alichoambiwa. Kama ni kulanti siku zote, basi kutu hii ni ya mwenye gari wa kwanza, na maji haya yanapotelea ndani ya injini. Huenda silinda hedi, kile kichwa cha juu ya injini, imepasuka. Itabidi injini ifunguliwe yote, hedi ipelekwe Kisumu ikatengenezwe, na ikishindikana itafutwe injini nyingine. Alipotaja gharama, Kezia alivuta tairi kuukuu akakaa.

Kesho yake Arasa alifika kutoka Migori, na hakuja peke yake. Alikuja na mnunuzi wa skrepa, yaani vyuma chakavu. Alisema amewaonea huruma, ndiyo maana ameleta mtu wa kununua hayo mabati kabla hayajaoza kabisa, shemeji yake apate kurudi kwenye kilimo kama wanawake wengine.

"Gari langu haliuzwi kwa kilo," Kezia akasema.

Arasa akauliza basi atalitengeneza kwa pesa gani. Kezia akasimama, akajikung'uta rinda, akasema atauza shamba la mtoni. Ni shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, ndilo lililowapa mahindi ya mwaka mzima. Arasa hakupoteza hata dakika. Alisema shamba hilo atalinunua yeye, na hati zinaweza kuandikwa Jumatatu.

Bochaberi aliyasikia yote akiwa kando ya pikapu. Alimwona mama yake ameinua kichwa kama kawaida, lakini mkono wake umeng'ang'ania mlango wa pikapu. Akisema, Baba Mdogo atamcheka hadi azeeke. Asiposema, shamba la baba limekwenda, na limekwenda kwa ajili ya pakiti nne za juisi. Alijiuliza ni tangu lini alianza kumwogopa Arasa kiasi hiki, na swali hilo likamtia hasira kuliko kitu kingine chochote. Liwalo na liwe. Akajitokeza katikati yao.

"Fundi, usiifungue injini," alisema. "Nilidanganya. Ile haikuwa kulanti. Ni maji ya kisima, yana chumvi, na nilitia unga wa juisi ili yawe ya kijani. Ni tangu Januari."

Kisha akaeleza yote, kuanzia goli hadi yale maji mekundu aliyokuwa akiyafunika kila asubuhi. Mnunuzi wa skrepa alishika kiuno. Arasa alicheka hadi akaegemea gari, akasema je, si alisema, wanawake na magari.

Bochaberi hakurudi nyuma. "Baba Mdogo, kosa hili ni langu. Si la mama, na si la wanawake. Ukitaka kucheka, nicheke mimi."

Kezia alimtazama bintiye, kisha akatazama pembeni. Fundi Onyango ndiye aliyesogea, wala hakuwa akicheka. "Chumvi na sukari, miezi minane," alisema polepole. "Nyathina, ungeniambia jana nisingelala na mawazo." Nyathina, kwa Kijaluo, ni mwanangu.

Aliweka spana kubwa chini, akaomba tochi na kioo kidogo, akajilaza chini ya gari. Ubavuni mwa injini huwa kuna vizibo vya chuma, vikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, vinavyozuia maji yasitoke. Kimoja kilikuwa kimejificha nyuma kabisa, karibu na bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki. Onyango alikigusa kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kana kwamba ametoboa biskuti. Kutu ilikuwa imekila. Maji yalikuwa yakivujia hapo na kuangukia bomba lenye moto, yanakuwa mvuke kabla hayajafika chini. Alipozipima silinda akakuta hedi ni nzima.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Onyango alisema akijipangusa mikono. "Gari lenu lilikuwa karibu kufa kwa ugonjwa ambao halikuwa nao."

Si kwamba matengenezo yalikuwa ya bure. Vizibo vyote vilibadilishwa, pampu ya maji iliyokuwa imeliwa ikatupwa ikanunuliwa nyingine, na rejeta ikafunguliwa na kusafishwa. Mbuzi wawili waliuzwa, pamoja na viti vipya vya sebuleni ambavyo Kezia alikuwa bado hajavizoea. Lakini shamba la mtoni lilibaki lao, na Arasa alirudi Migori na mtu wake wa skrepa mikono mitupu. Kwa siku tatu Bochaberi alikwangua kutu kwa brashi ya waya hadi vidole vikachubuka, na kwa siku tatu mama yake alizungumza naye maneno ya lazima tu. Hakuna kichapo ambacho kingemuuma zaidi.

Siku ya nne injini iliwashwa, ikanguruma sawasawa. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia hapo. Kezia alizima gari, akamwita bintiye akae naye ndani.

"Ulipomwaga kulanti, ulikosea kama mtoto yeyote," alisema. "Ningekugombeza, tungenunua nyingine, yakaisha siku hiyo. Kosa lililonitia hasara ni kule kufungua rejeta kila asubuhi, ukaona, ukafunika."

Bochaberi alilia. Aliomba msamaha, na akauliza kama atanyang'anywa kazi yake.

"Kazi ni yako bado. Sasa Migori yote hakuna anayeijua kutu kama wewe." Kezia akashika usukani. "Na siku ile mbele ya Arasa uliniokolea shamba. Hicho kichwa kigumu umekirithi kwangu, kwa hiyo sitakuambia ukiache. Ninachokuambia ni kwamba ukiweke upande wa ukweli, na ukiweke mapema, kabla kitu cha mtu hakijaoza."

Bochaberi akaitikia kwamba amesikia. Mama yake akageuza ufunguo, gari likateremka kuelekea ziwani kupakia omena.